Mbukwenyi na mstari mwekundu

Andika "mbukwenyi" kwenye simu yako. Simu nyingi zitaipigia mstari mwekundu, na nyingine zitaibadilisha kabla hujatuma. Mwanafunzi wangu mmoja alilalamika darasani kwamba kila akiwasalimu wajomba zake kwenye kundi la ukoo, simu inamsahihisha kama mwalimu wa darasa la kwanza. Tulicheka. Kisha akauliza: nani aliamua kuwa salamu ya Wagogo ni kosa?

Hakuna aliyekaa kikao akaamua. Waliotengeneza programu walikuwa mbali, na Cigogo hakikuwajia akilini. Sisi wa Dodoma jambo hili tumeshalionja. Mwaka 1947 Waingereza waliingia Kongwa na matrekta kulima karanga, maana kwao mafuta ya kula yalikuwa adimu baada ya vita. Hesabu zilipigwa London. Mgogo yeyote angewaambia kuwa mvua ya Kongwa si ya kutegemea, na kwamba udongo ule ukikauka hata jembe linadunda. Hawakumuuliza. Mradi ulikufa mwaka 1951, na pauni milioni 36 hivi zikaenda na maji.

Wanaharakati wanaposema "ukoloni wa kidijitali", wanazungumzia tabia hiyohiyo. Simu kutoka ng'ambo haina ubaya. Hata baiskeli ilitoka ng'ambo. Wanachouliza ni nani anapanga, nani anachukua, na nani haulizwi.

Chukua intaneti ya bure. Mwaka 2014 mpango wa Facebook ulioitwa Internet.org ulifika Tanzania kupitia Tigo: unafungua Facebook na kurasa chache bila bando. Cha bure kitamu, sikatai. Lakini mpango huohuo ulipofika India, wanaharakati waliukataa. Hoja yao ilikuwa kwamba maskini anapewa chumba kimoja cha nyumba, na anayechagua chumba ni kampuni. Februari 2016 mamlaka ya mawasiliano ya India ikapiga marufuku bei za upendeleo za namna hiyo. Cha kuchekesha, kampeni yenyewe ilisambaa kwenye mitandao ya makampuni hayohayo ya Marekani. Ukipigana na mwenye nyumba ukiwa sebuleni kwake, anaweza kuzima taa wakati wowote.

Kwa suala la lugha, mfano ninaoupenda unatoka New Zealand. Mwaka 2018 Te Hiku Media, redio ya Wamaori, iliwaomba watu wao wasome sentensi kwa Kimaori na kujirekodi. Kwa siku 10 zilipatikana saa zaidi ya 300. Kwa sauti hizo wakafundisha kompyuta kusikia lugha yao, na walikataa kuyakabidhi makampuni makubwa hazina hiyo. Waliandika leseni yao wenyewe inayosema data ni ya jamii, wao ni walinzi tu.

Kiswahili kimepita njia nyingine. Kwenye Common Voice, mradi wa kukusanya sauti wa Mozilla, watengenezaji wa kivinjari cha Firefox, watu wamejitolea sauti zao na yeyote anaruhusiwa kuzitumia, tajiri na maskini. Njia hiyo imefungulia milango vijana wengi wasio na mtaji. Hata hivyo kwa lugha ndogo kama Cigogo mimi naegemea kwa Wamaori, kwa sababu atakayefaidi mapema ni yule mwenye kompyuta kubwa.

Kwa hiyo akija mtu kijijini, iwe Bahi au Chamwino, anarekodi wazee wakisimulia, usimfukuze. Muulize sauti zinakwenda wapi, nani atazitunza, na kama mzee akibadili mawazo zitafutwa vipi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakupa haki ya kujua taarifa zako zinakusanywa kwa lengo gani, na ipo Tume ya kupokea malalamiko.

Yule mwanafunzi ameshaiongeza "mbukwenyi" kwenye kamusi ya simu yake. Siku hizi inapita bila mstari. Kwenye simu ya mdogo wake, bado ni kosa.