Nishati na pato la taifa: yasemwayo na yaliyopo

Dhana: uchumi haukui mpaka nishati iongezeke.

Kwa nchi maskini, hili lina ukweli mwingi. Hakuna nchi iliyotajirika ikiwa gizani. Kosa ni kuligeuza kuwa kanuni ya kila mahali na kila wakati. Uingereza ya leo inatumia nishati kidogo kuliko ilivyotumia mwaka 1970, ilhali uchumi wake, hata ukiondoa mfumuko wa bei, umekua zaidi ya mara mbili.

Hapo hukosi kujibiwa kwamba wamehamishia tu viwanda vyao China. Ni kweli kwa sehemu, lakini haitoshi. Tazama mitambo yenyewe: mtambo wa makaa ya mawe wa zamani hugeuza kama theluthi moja tu ya joto lake kuwa umeme, na linalobaki hupotelea hewani na majini. Mtambo mpya wa gesi unaotumia tena joto la moshi wake hupita nusu. Kinachohitajika ni mwanga, joto na mwendo. Makaa ni njia tu ya kuvipata, na njia ikiwa bora makaa hupungua.

Dhana: nchi maskini hutumia nishati kidogo, kwa hiyo haipotezi.

Mara nyingi ni kinyume chake. Ukipikia kuni kwenye mafiga matatu, sehemu kubwa ya moto hupita pembeni ya sufuria. Joto linaloingia ndani kwa kawaida halifiki hata robo. Ndiyo maana nchi nyingi zinazotegemea kuni, ukigawanya nishati yao kwa pato lao, huonekana zinatumia nyingi mno kwa kila dola. Anayehamia jiko la gesi hupika chakula kilekile kwa nishati ndogo zaidi.

Dhana: nchi inayoongoza kwa umeme kwa kila mtu ndiyo tajiri kuliko zote.

Anayeongoza ni Iceland, yenye watu takribani laki nne. Ni tajiri, sawa, lakini umeme wake mwingi humezwa na viwanda vya alumini, na tani moja ya alumini hula kama uniti 14,000.

Dhana: nishati kwa kila dola ya pato ikishuka, nchi imejifunza kubana matumizi.

Hii ndiyo inayonikera zaidi, maana hata wasomi huiamini. Takwimu za kwanza za mwaka 2015 zilionyesha pato la Ireland limekua kwa asilimia 26 ndani ya mwaka mmoja. Sababu kubwa ni kwamba kampuni za kimataifa zilihamishia mali zao, hataza (haki za uvumbuzi) zikiwemo, kwenye vitabu vya hesabu vya huko. Nishati kwa kila yuro ikaporomoka, na hakuna aliyezima hata taa moja. Kuanzia 2017 ofisi ya takwimu ya nchi hiyo hutoa pia kipimo kingine cha pato, kinachopunguza athari za mahesabu ya aina hiyo.