Chombo kujaa maji: maana yake kwenye boti ya injini

Maji ndani ya boti si jambo la ajabu. Chini kabisa ya kila chombo kuna ngama, uwazi ulio chini ya sakafu, na humo hujikusanya maji ya mvua, ya viyoyozi na matone ya shafti, mhimili unaozungusha propela. Pampu ndogo huyatoa, safari ikaendelea. Chombo kujaa maji ni habari nyingine: ni pale maji yanapoingia kwa kasi kuliko yanavyotoka. Ngama yenye maji mengi yanayopungua ina nafuu kuliko yenye maji machache yanayopanda.

Tundu dogo lina nguvu ambazo wengi hawazidhanii. Tundu la kipenyo cha sentimita 5, likiwa sentimita 60 chini ya usawa wa maji, huingiza lita zipatazo 240 kwa dakika. Kwa dakika 10 hizo ni zaidi ya tani mbili, tena uzito huo hautulii: boti ikilala kidogo, maji yote hukimbilia upande ule na kuilaza zaidi. Sasa tazama pampu iliyoandikwa lita 7,500 kwa saa. Ni lita 125 tu kwa dakika, na mara nyingi imepimwa bila kupandisha maji. Ikishafungwa botini, mpira wake wa kutolea maji ukawa na kona nyingi na betri imechoka, huenda ukapata nusu yake. Ndiyo maana nasisitiza: pampu hukupa muda wa kulitafuta tundu, hailizibi.

Watu huogopa mwamba. Lakini boti nyingi za starehe huzama zikiwa zimefungwa gatini, hakuna mtu ndani. Boti ya injini imetobolewa kwa makusudi mahali pengi: maji ya kupoza injini, ya choo, shafti, usukani. Kila mpira unaoanzia chini ya usawa wa maji ni tundu linalosubiri. Shuka na tochi, shika koki moja, yaani kifungio cha maji kilicho kwenye tundu. Mkono wake unageuka, au umeganda? Mpira umebanwa kwa vibano viwili, au kimoja kilicholiwa na kutu? Kwaruza chuma chake kwa ncha ya kisu. Rangi ya waridi ikijitokeza mahali palipotakiwa kuwa manjano, zinki iliyomo ndani ya chuma hicho imeshaliwa na maji ya chumvi, na koki hiyo inaweza kukatika kwa kugongwa tu. Ibadilishe kabla ya safari. Kando ya kila koki funga kwa kamba kizibo cha mbao laini kilichochongoka, kinachoenea tundu lake. Na king'ora cha maji kiwe juu kidogo ya swichi ya pampu, kikuamshe pampu inapozidiwa.

Maji yakipanda, vaeni majaketi ya kuokolea, washa pampu zote, kisha utafute chanzo. Kidole kimoja ulimini kitakwambia kama ni chumvi au ni tangi la maji baridi lililopasuka. Ikiwa ni chumvi, funga koki moja baada ya nyingine. Injini ikiwa imezimwa, maji huenda yakapungua yenyewe, kwa sababu mpira wa kuipoza uliopasuka mahali maji yanapotoka kwenye pampu yake hutapika maji injini inapozunguka.

Ganda la boti likiwa limepasuka, ziba kwa chochote: mto, godoro, nguo, ukikaza kwa ubao. Turubai likipitishwa kwa nje ni bora zaidi, kwani bahari yenyewe hulisukuma likajibana kwenye ufa. Mwaka 1770, nahodha Mwingereza James Cook alipogonga matumbawe karibu na pwani ya Australia, mabaharia wake walipitisha chini ya meli yao, Endeavour, tanga lililojazwa sufu na nyuzi za kamba, nayo ikafika ufukweni kutengenezwa. Nawe kama ufukwe wa mchanga uko karibu, ipweleze boti bila kuona haya.

Usichelewe kuita msaada kwenye chaneli 16 ya redio. Betri mara nyingi hukaa chini, na maji yakizifikia, pampu na redio hufa pamoja. Redio ya mkononi yenye betri yake ikae juu, karibu na usukani.