Msamaha Bila Fungu: Dhana Potofu Kuhusu Matibabu ya Watoto wa Kaya Maskini Hospitalini

Kila mwaka, kuanzia Aprili hadi mwishoni mwa Juni, Bunge hukaa Dodoma kupitia makadirio ya mapato na matumizi ya Serikali. Inapofika zamu ya Wizara ya Afya, wabunge huomba vituo vya afya, magari ya wagonjwa na watumishi kwa ajili ya majimbo yao, na wana haki kuomba. Swali linalostahili uzito ule ule ni nani humlipia mtoto wa familia isiyo na kitu anapolazwa hospitali. Zipo dhana kadhaa zinazofanya swali hilo lionekane limeshajibiwa, na inafaa zipimwe moja moja kabla bajeti nyingine haijapita. Maelezo haya yanahusu Tanzania Bara, kwa kuwa afya si jambo la Muungano na Zanzibar ina utaratibu wake.

Dhana: Watoto wa chini ya miaka mitano wanatibiwa bure, kwa hiyo tatizo lilikwisha.

Ni kweli kwamba Sera ya Afya ya mwaka 2007 inawasamehe malipo watoto wa chini ya miaka mitano, kina mama wajawazito na wazee wasio na uwezo. Sera hiyo ni njema, na wapo watoto wengi ambao leo wako hai kwa sababu yake. Kasoro yake ni kwamba msamaha hauambatani na fungu la kuufidia. Hospitali inayomtibu mtoto aliyesamehewa hailetewi fedha za dawa, vipimo na siku za kulazwa alizotumia, hivyo hulazimika kuziba pengo hilo kwa makusanyo ya wagonjwa wanaolipa papo kwa hapo na wale wenye bima. Kwa hesabu hiyo, hospitali ya wilaya yenye watu maskini wengi ndiyo inayobaki na mzigo mkubwa zaidi na makusanyo madogo zaidi.

Matokeo yake mama huyaona dirishani. Mtoto ana nimonia, kumwona daktari hakukulipiwa, kitanda hakikulipiwa, kisha mama anapewa kikaratasi chenye jina la sindano ya antibayotiki, kanula na mpira wa dripu, na kuelekezwa duka la dawa lililo nje ya geti kwa sababu stoo ya hospitali imekauka. Kwenye kumbukumbu za hospitali mtoto huyo ametibiwa bure, ilhali mama yake anampigia ndugu simu akiomba atumiwe fedha kabla usiku haujaingia. Muuguzi aliyeandika kikaratasi hicho hana kosa, maana hawezi kumchoma mtoto sindano ambayo haipo.

Tena msamaha huo una ukomo wa umri. Mtoto mwenye selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, anapotimiza miaka mitano ugonjwa wake haupungui. Ataendelea kupata maumivu makali, kuongezewa damu na kulazwa katika utoto wake wote. Kila mwaka huzaliwa nchini watoto wanaokadiriwa kufikia 11,000 wenye ugonjwa huo. Kuanzia umri huo, mzazi asiye na uwezo hutakiwa kufika kwa afisa ustawi wa jamii wa hospitali, mara nyingi akiwa na barua ya mtendaji, na kujieleza umaskini wake huku mtoto akilia kwenye benchi.

Dhana: Fedha ziende kwenye chanjo na zahanati; hospitali za watoto ni anasa ya nchi tajiri.

Chanjo, vyandarua na kliniki za watoto zimeokoa maisha mengi, na hakuna mwenye nia njema anayetaka zipunguziwe hata shilingi. Hata hivyo, takwimu zetu wenyewe zinaonyesha mahali kinga inapofikia kikomo. Utafiti wa kitaifa wa demografia na afya wa mwaka 2015/16 ulikuta vifo 67 vya watoto wa chini ya miaka mitano katika kila vizazi hai 1,000, na utafiti wa mwaka 2022 ukakuta vifo 43. Hayo ni mafanikio ya kujivunia. Katika kipindi hicho hicho, vifo vya watoto wachanga ndani ya siku 28 za kwanza vilitoka 25 na kufika 24 tu. Maana yake ni kwamba zaidi ya nusu ya watoto tunaowazika kabla ya miaka mitano sasa wanafariki katika mwezi wao wa kwanza.

Watoto hao ni njiti, ni wale waliozaliwa wamechoka kwa kukosa hewa, na ni wale waliopata maambukizi makali siku chache baada ya kuzaliwa. Wanachohitaji ni wodi ya watoto wachanga yenye joto, oksijeni, mashine ya kusaidia kupumua, antibayotiki, na muuguzi asiyewahudumia peke yake watoto zaidi ya uwezo wake. Huduma ya kangaruu, ambapo mama humbeba mtoto njiti kifuani ngozi kwa ngozi, haihitaji mitambo ya bei kubwa, lakini nayo inataka chumba, vitanda, na chakula cha mama anayekaa hapo kwa wiki kadhaa. Yote haya ni matumizi ya hospitali, na anayeyaita anasa hajasimama katika wodi hizo.

Dhana: Toto Afya Kadi ilikwama kwa sababu wazazi waliitumia vibaya.

Dhana hii inawaumiza wazazi wengi, nami naiona ndiyo yenye madhara makubwa kuliko zote, kwa sababu inageuza kosa la mfumo kuwa kosa la tabia. Kupitia kadi hiyo ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, mzazi alilipa shilingi 50,400 kwa mwaka na mtoto wake wa chini ya miaka 18 akapata matibabu. Kwa mama lishe au dereva wa bodaboda huo ulikuwa mlango ambao haukuwahi kuwapo. Mwaka 2023 Mfuko ulisitisha usajili wa mtoto mmoja mmoja, ukieleza kwamba gharama za matibabu zilizidi sana michango, na wazazi wakaelekezwa kuandikisha watoto kupitia shule au vifurushi vya familia. Baadaye kadi ilirejeshwa kwa utaratibu mpya.

Kwamba gharama zilizidi michango ni kweli, lakini sababu yake haina siri. Bima yoyote ya hiari huvutia kwanza wanaoihitaji zaidi. Mzazi mwenye mtoto mwenye tundu kwenye moyo, selimundu au saratani alikimbilia kadi, na alifanya jambo ambalo mzazi yeyote mwenye akili timamu angelifanya. Mzazi ambaye mtoto wake alikuwa mzima aliona afadhali shilingi 50,400 ziende kwenye ada na sare. Mfuko ukabaki na wagonjwa wengi na wachangiaji wazima wachache, na hapo hakuna hesabu inayoweza kukaa sawa, hata kama kila mzazi ni mwaminifu kupindukia.

Dawa yake inajulikana: watoto wote waingie, wazima kwa wagonjwa, na wale ambao wazazi wao hawawezi walipiwe na Serikali. Huo ndio mwelekeo wa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023, inayoanzisha mfuko maalumu wa kugharimia wasio na uwezo na kutaja vyanzo vyake, vikiwamo vinywaji vyenye kaboni, pombe, vipodozi na michezo ya kubahatisha. Bunge lilifanya kazi kubwa kuipitisha. Hata hivyo, chanzo kilichoandikwa kwenye sheria hakimtibu mtoto mpaka kiasi kitengwe kwenye bajeti, kitoke Hazina na kifike hospitali, na kila hatua kati ya hizo tatu inahitaji mtu wa kuifuatilia.

Dhana: Hatuna namna ya kuwatambua maskini wa kweli.

Tunayo. Kupitia Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF) umeshatambua na kuhudumia kaya zaidi ya milioni moja, kwa kushirikisha mikutano ya vijiji na mitaa. Orodha hiyo ina mapungufu na inafaa ihuishwe, lakini inatosha kuanzia leo.

Dhana: Wafadhili na kambi za madaktari bingwa wataziba pengo.

Kwenye Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, watoto wengi wamefanyiwa upasuaji kupitia kambi za madaktari wa ndani na wageni, na shirika la hisani la Tumaini la Maisha limewasaidia watoto wenye saratani kutibiwa Muhimbili bila wazazi kutozwa. Wanastahili shukrani za dhati. Lakini matibabu ya mtoto hayawezi kutegemea moyo wa mfadhili wala ratiba ya ndege. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, programu za afya katika nchi nyingi, ikiwamo Tanzania, ziliyumba ndani ya wiki chache. Saratani ya mtoto hutibiwa kwa miezi na pengine miaka. Dozi zikikatika katikati, ugonjwa hurudi ukiwa mkali zaidi. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba katika nchi tajiri zaidi ya asilimia 80 ya watoto wenye saratani hupona, na katika nchi nyingi za kipato cha chini na cha kati hawafiki asilimia 30.

Dhana: Mbunge mmoja hana la kufanya, bajeti huja imeshapangwa.

Ibara ya 99 ya Katiba inamzuia mbunge kuleta mwenyewe pendekezo la kuongeza matumizi ya Serikali, kwa hiyo ni kweli hawezi kuandika tarakimu anayoitaka. Anaweza, hata hivyo, kubana ndani ya Kamati ya Bajeti na kamati inayosimamia afya, ambako Serikali hujadiliana na wabunge kabla ya hotuba kusomwa. Anaweza kushika shilingi ya mshahara wa waziri, yaani kutokubali bajeti ya wizara ipite, mpaka apate maelezo ya kuridhisha kuhusu fidia ya msamaha wa watoto. Anaweza pia kudai ripoti ya fedha zilizotolewa, maana kiasi kilichoidhinishwa na kiasi kilichotoka Hazina mara nyingi havilingani.

Mwananchi anayetaka kumwandikia mbunge wake asisubiri Juni. Halmashauri huandaa mipango na bajeti zao miezi ya mwanzo wa mwaka, na vikao vya kamati hutangulia mkutano wa bajeti. Barua yenye nguvu ni ile inayouliza mambo mahususi: hospitali yetu ya wilaya ilisamehe watoto wangapi mwaka uliopita, matibabu yao yaligharimu kiasi gani, Serikali ilirejesha shilingi ngapi, na ni fungu lipi katika bajeti ijayo litakalowalipia watoto watakaofuata.