Hati ya nyumba haipigwi laminesheni

"Nimeipiga laminesheni, sasa iko salama." Kauli hii haiishi, na huwa inatoka kwa watu waangalifu, waliojinyima miaka mingi kujenga. Ndiyo maana inauma.

Hatimiliki haikutengenezwa ili ikae tu. Inaendelea kuandikwa. Ukikopa, Msajili wa Hati huandika rehani. Ukimaliza deni, rehani huondolewa. Ukifariki, huingizwa kwanza jina la msimamizi wa mirathi, kisha la warithi. Juu ya plastiki kalamu haiandiki wala muhuri haushiki. Watoto wako watakuwa wameshapata cheti cha kifo, muhtasari wa kikao cha ukoo na uteuzi wa mahakama, halafu wakwamie dirishani kwa plastiki uliyowawekea wewe kwa nia njema.

Uhakiki nao unaharibika. Muhuri wa kubonyeza hutambuliwa kwa kupapasa kwa kidole. Roli za mashine huulaza bapa. Joto la zaidi ya nyuzijoto 100 huyeyusha gundi ikazama ndani ya karatasi. Tazama pia ukingo wa plastiki: wengi huupunguza kwa mkasi ili hati itoshe kwenye faili, na hapo ndipo unyevu unapoingia usitoke. Kwa hali ya hewa ya Tanga, Dar es Salaam au Mombasa, ukungu huota ndani, unauona kwa macho na huwezi kuufuta.

Kama umeshaipiga, usiibandue kwa kisu wala kwa pasi. Wino utatoka pamoja na plastiki. Iache ilivyo, uipeleke kwa Msajili uulizie hati mbadala sasa, ungali hai. Wewe unajieleza mwenyewe. Msimamizi wako ataanzia mahakamani.

Kinachofaa ni mfuko wa polipropilini au poliesta, mdomo wazi, hati iingie na kutoka. Epuka plastiki ya PVC, ile laini yenye harufu kali, kwa sababu hunata kwenye wino wa fotokopi na kuung'oa. Toa pini, klipu na rababendi: chuma kinashika kutu, mpira unayeyuka na kuacha doa. Kisha weka kwenye boksi lenye mfuniko pamoja na vipakiti vya kunyonya unyevu, juu ya rafu, pasiguse ukuta wala sakafu. Chini ya godoro kuna joto la mwili na mikunjo. Sakafuni kuna mchwa.

Risiti za EFD, zile za mashine ya kodi, nazo zisipigwe laminesheni hata kidogo. Ile ni karatasi inayochapwa kwa joto. Mashine ya laminesheni huigeuza nyeusi yote. Hata bila mashine hufifia, kwa hiyo toa fotokopi siku ileile.

"Sefu ni ya chuma, haiungui." Chuma hakiungui, karatasi iliyomo ndiyo inayookwa. Tafuta sefu iliyoandikwa muda wa kustahimili moto, mfano dakika 60, na kwamba ndani haivuki nyuzijoto 177. Flashi haivumilii hapo. Sefu ya vifaa vya kielektroniki haitakiwi kuvuka 52. Kuta za sefu nyingi za moto zina maji yaliyofungwa ndani ya jasi, hivyo hati hupata unyevu. Ifungue mara kwa mara uzipepee.

"Benki nimemwandika mke wangu ndugu wa karibu, pesa ni zake." Hapana. Kuandikwa hivyo hakumfanyi mtu mrithi, na kwa kawaida benki itamtaka msimamizi aliyeteuliwa na mahakama.

"Wosia nimeuficha pazuri." Ukiufungia kwenye sanduku la benki lenye jina lako peke yako, benki itadai msimamizi ili ifungue, na jina la msimamizi liko humo ndani! Uweke RITA, wakala wa serikali ya Tanzania wa usajili na udhamini, au kwa wakili, na watu wawili wajue uko wapi.

Wape hao wawili karatasi moja ya orodha: namba ya kila hati, mahali ilipo, nani ana ufunguo. Namba za siri zisiwemo. Dhahabu iandikwe kipande kwa kipande, gramu na karati, na picha iliyopigwa kando ya rula.