Dawa za usingizi na ndoto za kutisha: maswali na majibu kwa wakazi wa Kigoma

Nilipewa Valium kwa sababu ya kukosa usingizi. Nilimeza majuma matatu, nikalala vizuri, nikaacha. Sasa kila usiku naota nafukuzwa, naamka nimelowa jasho. Je, dawa imeniharibu akili?

Hapana. Usingizi una hatua zake, na mojawapo ni ile ambayo macho huchezacheza chini ya kope. Ndoto nyingi zilizo wazi, zile ambazo mtu akiamka anaweza kuzisimulia, hutokea humo. Valium ni jina la kibiashara la diazepamu, na dawa za kundi hilo huibana hatua hiyo. Ubongo huweka hesabu kama mwenye duka aliyekopesha: siku ukiacha kidonge ghafla, anadai deni lote kwa mkupuo. Ndoto zinakuwa ndefu, kali, na mara nyingi za kuogofya.

Kwa aliyetumia muda mfupi, hali hii kwa kawaida hutulia yenyewe ndani ya siku kadhaa hadi juma moja au mawili. Mtego uko katikati ya siku hizo. Mtu anaogopa kulala, anarudia kidonge, ndoto zinakoma usiku uleule, naye anajiambia, "Bila dawa mimi siwezi." Wengi ninaowajua walionasa kwenye diazepamu walinasa hapo, wala hawakuwa wakitafuta kulewa. Dawa hii haikukusudiwa kutumika kwa usingizi zaidi ya wiki nne, tena ukihesabu na siku za kuipunguza.

Na mimi niliyemeza kwa miezi minane je? Niitupe leo?

Usiitupe. Kwa aliyezoea muda mrefu, kuacha ghafla kunaweza kuleta kutetemeka, mapigo ya moyo kwenda mbio, wasiwasi mkubwa, hata degedege. Daktari hupunguza dozi kidogokidogo, kwa majuma au miezi, akiangalia mwili wako unavyopokea. Ukiona mtu anakupangia kuacha kwa siku tatu, tafuta ushauri kwingine.

Bibi yangu wa Ujiji amepita miaka sabini. Tangu aanze vidonge vya usingizi anaweweseka, asubuhi anapepesuka, juzi alikuwa akimwita marehemu babu. Ndugu wanasema amepandwa na kitu.

Kabla ya yote, angalieni kile anachomeza. Ikiwa ni diazepamu, haitoki mwilini upesi. Mwili huigeuza kuwa kemikali nyingine ambayo nayo hutuliza, na hiyo inaweza kuchukua hadi saa 100 kupungua kwa nusu tu. Kwa mzee muda huo hurefuka zaidi. Kwa hiyo kidonge cha leo kinakikuta cha jana na cha juzi bado vimo damuni. Matokeo yake ndiyo hayo mnayoyaona: kuchanganyikiwa, kusahau, kuyumba. Ninachokiogopa zaidi ni kuanguka usiku akienda chooni, kwa sababu nyonga ikivunjika katika umri huo, wengi hawarudi kutembea kama zamani.

Tena chunguzeni dawa nyingine zilizomo ndani ya nyumba. Watu wengi huwapa wazee promethazini (Phenergan) au Piriton ili "wapumzike", wakidhani ni vitu vyepesi kwa kuwa hununuliwa kirahisi. Kwa wazee hukausha mdomo, hufunga choo na mkojo, na zinaweza kuvuruga akili. Amitriptilini, dawa ya sonona na maumivu ya neva, nayo ina tabia hizo, na yenyewe pia huweza kuleta ndoto mbaya.

Wekeni dawa zote katika mfuko mmoja, mpelekeni bibi kituo cha afya au hospitali ya Maweni, na dawa zionwe zote kwa pamoja. Sibishani na dua. Zinaweza kuendelea huku dawa zikikaguliwa.

Mimi ni mvuvi wa dagaa, Kibirizi. Nalala mchana kwa shida. Je, nimeze kidonge saa sita mchana?

Hili nalijibu bila kuzunguka: usimeze. Ukipanda mtumbwi saa kumi na mbili jioni dawa bado inafanya kazi. Mikono inakuwa mizito, mizani ya mwili inapungua, uamuzi unachelewa, nawe uko juu ya maji gizani. Ukiongeza gongo au bia ya kufukuza baridi, dawa na pombe husaidiana kudhoofisha pumzi. Tramadoli, dawa kali ya maumivu, nayo ni hivyohivyo, na najua baadhi ya watu wa kazi ngumu huitumia kuondoa uchovu.

Tatizo lako lina chanzo chake. Usiku wa giza uko ziwani na taa, mbalamwezi ikikomaa unapumzika na kulala usiku kama watu wengine. Kila mwezi mwili unageuziwa saa. Siku za kazi, jaribu kulala kipande kilekile cha mchana kila siku, chumba kiwe na giza, funga kitambaa machoni, na usinywe chai wala kahawa katika saa za mwisho za uvuvi.

Ni kweli kuna dawa inayomfanya mtu apike au aendeshe gari akiwa usingizini?

Kweli, ingawa ni nadra. Zolpidemu, dawa nyingine ya usingizi, na jamaa zake zimehusishwa na visa hivyo, na asubuhi mtu hakumbuki lolote. Mwaka 2019 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza onyo zito liwekwe kwenye maelezo yake, kwa kuwa kulikuwa na watu walioumia na wengine kufa. Mapema zaidi, mwaka 2013, ilishusha dozi ya kuanzia kwa wanawake kutoka miligramu 10 hadi 5, baada ya kuonekana kwamba miili yao huiondoa dawa polepole na asubuhi bado ni nyingi damuni. Ikikutokea hata mara moja, usimeze tena. Mwone daktari aliyekuandikia.

Ninaamka nashindwa kusogea wala kupiga kelele, kama kuna mtu amenikalia kifuani. Ni dawa?

Inaweza, lakini hali hii huwapata hata wasiomeza chochote. Wakati wa kuota, ubongo hulegeza misuli ili usitende unachokiota. Safari nyingine akili huamka kabla misuli haijafunguliwa. Hudumu sekunde au dakika chache, na hakuna anayekukaba. Kukosa usingizi na kulala chali huichochea.

Simezi dawa ya usingizi kabisa, ila ndoto ni mbaya.

Basi tazama dawa zako nyingine. Propranololi ya moyo na presha inaweza kuleta majinamizi. Dolutegraviri, iliyomo katika dawa za VVU, huwanyima usingizi baadhi ya watumiaji na kuwaletea ndoto kali. Kuhamishia kidonge asubuhi husaidia wengi. Ongea kwanza na kliniki, na usiruke dozi hata moja.

Na kuna ndoto zisizotokana na kidonge chochote. Mkoa huu umepokea watu waliokimbia vita kwa miongo mingi, na kambi ya Nyarugusu huko Kasulu ipo tangu 1996. Aliyeshuhudia mauaji anaweza kuyaota miaka ishirini baadaye. Kumpa diazepamu mtu wa namna hii, kwa maoni yangu, ni kumfungia mlango na moto ndani. Kuna tiba ya mazungumzo ambayo mtu, mchana akiwa macho, huisimulia ndoto yake, huibadilisha mwisho, kisha huurudia mwisho ule mpya kila siku. Wapo wanaopata nafuu hivyo. Ulizia huduma za afya ya akili.

Nisipotumia dawa, nifanye nini?

Amka saa ileile kila siku, hata kama ulilala vibaya. Ukikaa kitandani unageukageuka, toka, kaa pahali penye mwanga hafifu, urudi usingizi ukija. Kahawa ya barazani jioni, hata ikiwa ya Kalinzi nayo ni nzuri kiasi gani, iishie alasiri: nusu ya kafeini yake bado imo mwilini baada ya saa tano hivi. Pombe humlaza mtu haraka, kisha humwamsha saa nane za usiku na ndoto mbaya.

Ni wakati gani wa kukimbilia hospitali?

Mtu akipumua polepole mno, midomo ikibadilika rangi, asiamke mkimtikisa, apate degedege, au aanze kusema anataka kujiua. Mlazeni ubavu, msimlazimishe kunywa maziwa wala kutapika, na mchukue pakiti ya dawa hata kama ni tupu.