Mzazi Naye Aangaliwe: Mwili Baada ya Kujifungua kwa Njia ya Kawaida

Mtoto akishatoka salama, macho ya ukoo mzima humgeukia yeye. Ana kilo ngapi? Kafanana na nani? Ameanza kunyonya? Mama yake akiulizwa hali hujibu "nzuri", na wengi huridhika na jibu hilo. Mimi ni mkunga wa wodi ya wazazi, na ndugu wanaokuja kuona mgonjwa huwa nawaambia jambo moja: mzazi huyu ana kidonda ndani ya mwili wake, hata kama hakuchanika na hakushonwa uzi hata mmoja. Kidonda hicho kiko pale kondo la nyuma lilipokuwa limejishika kwenye ukuta wa mfuko wa uzazi, na upana wake ni kama kiganja cha mkono. Hupona polepole, kwa muda wa wiki sita hivi. Mengi anayoyasikia mzazi katika kipindi hiki yanahusiana na kidonda hicho, na makosa mengi tunayomfanyia yanatokana na kukisahau.

Saa za mwanzo

Mimba ikishatimia, damu inayopita kwenye sehemu ya kondo hufika nusu lita au zaidi kwa kila dakika. Kondo likibanduka, mishipa ile hubaki wazi. Kinachoifunga ni misuli ya mfuko wa uzazi: nyuzi zake zimepishana huku na huku, na zinapojikaza huibana mishipa mpaka damu inapungua. Ndiyo maana mkunga hakuachi ulale. Anakuja mara kwa mara, anaingiza mkono chini ya kanga, anakubonyeza kwenye kitovu. Anatafuta mfuko uliojikaza, wenye ukubwa na ugumu wa nazi iliyofuliwa. Akiukuta umelegea atausugua mpaka ukaze, na inauma, lakini vumilia, mkono huo unaokoa maisha. Atakuhimiza pia ukakojoe, kwa sababu kibofu kilichojaa huusukuma mfuko pembeni na kuuzuia usikaze. Saa sita zikipita hujapata mkojo, mwambie.

Mwaka 2023 yalitangazwa matokeo ya utafiti mkubwa uliohusisha wanawake zaidi ya 200,000 waliojifungua kwa njia ya kawaida katika hospitali za Tanzania, Kenya, Nigeria na Afrika Kusini. Badala ya kukadiria damu kwa macho, wahudumu waliikinga kwenye plastiki yenye alama za vipimo, na ilipozidi walimpa mama matibabu yote kwa mkupuo, bila kujaribu moja na kusubiri. Madhara makubwa ya kutokwa damu yalipungua kwa asilimia 60. Nayataja haya kwa sababu bado kuna familia zinazodai ruhusa saa chache tu baada ya mtoto kuzaliwa. Shirika la Afya Duniani linashauri mama na mtoto wakae kituoni angalau saa 24. Usiwe na haraka ya kuondoka.

Katika saa hizo hizo unaweza kutetemeka mwili mzima, meno yakagongana, ingawa huna malaria wala homa. Hutokea kwa wazazi wengi na huisha yenyewe. Jifunike, unywe kitu cha moto. Ukiona baridi hiyo imekuja na homa, au imeanza siku za baadaye, hapo ni jambo jingine.

Damu, maumivu ya tumbo na jasho

Damu ya uzazi hubadilika kadiri kidonda kinavyopona. Siku tatu nne za mwanzo huwa nyekundu na nzito, yenye vibonge vidogo. Kisha huwa ya pinki au kahawia mpaka siku ya kumi hivi, halafu hugeuka majimaji ya njano au meupe yanayoweza kuendelea mpaka wiki ya sita. Ukiona nyekundu imerudi baada ya kufua nguo nyingi au kubeba ndoo, mwili unakuambia umefanya kazi kupita uwezo wake wa sasa. Pumzika. Isipopungua, nenda kituoni. Tumia pedi au vitambaa safi vilivyoanikwa juani, wala usiingize kitu chochote ukeni.

Mfuko wa uzazi, ambao siku ya kujifungua una uzito wa kilo moja hivi, hushuka takriban upana wa kidole kimoja kila siku. Kufikia wiki ya pili huwa umeshaingia ndani ya nyonga na huwezi kuupapasa tena. Wiki ya sita una gramu 100 au pungufu. Kujikaza huko ndiko kunakoleta maumivu ya tumbo yanayokuja na kuondoka, hasa mtoto anapokamata ziwa, kwa sababu kunyonyesha huamsha homoni ya oksitosini ambayo kazi yake ni kuukaza mfuko. Mama wa mtoto wa kwanza huyasikia kidogo tu. Mama wa mtoto wa nne anaweza kuuma meno, na wengi huogopa kwamba kuna kitu kimebaki tumboni. Kwa kawaida hutulia siku ya tatu. Paracetamol au ibuprofen kwa kipimo ulichoandikiwa haimdhuru mtoto anayenyonya.

Wiki ya kwanza utatokwa jasho usiku mpaka shuka lilowe, na utakojoa sana. Ni maji yaliyokuwa yamejikusanya wakati wa ujauzito, sasa mwili unayatoa. Siku ya pili mpaka ya nne, baada ya dang'a, yaani maziwa ya mwanzo, maziwa hujaa kwa kishindo na matiti huwa mazito na ya moto. Dawa yake ni kumnyonyesha mtoto mara kwa mara, usiku na mchana.

Msamba

Wanawake wengi wanaozaa mara ya kwanza huchanika msamba, yaani sehemu iliyo kati ya uke na njia ya haja kubwa, angalau kidogo, na wengine huongezewa njia kwa kukatwa. Mchaniko mdogo hupona bila kushonwa. Ulioshonwa huuma zaidi wiki ya kwanza, hasa unapokaa au kucheka, kisha maumivu hupungua siku hadi siku. Uzi unaotumika huyeyuka wenyewe, na ukiona kipande kimedondoka kwenye pedi usishtuke. Mkojo ukikuchoma, mimina maji ya uvuguvugu kidogo kidogo huku ukikojoa. Kunawa kwa maji safi kila uendapo chooni kunatosha, toka mbele kwenda nyuma. Dawa za kuua wadudu hazihitajiki.

Choo kikubwa cha kwanza ndicho kinachoogopwa kuliko vyote, na hakizungumzwi. Nimeona wazazi wakijinyima chakula siku mbili ili wasiende. Matokeo yake choo hukauka, na kikija huumiza zaidi na kuleta bawasiri. Kunywa maji mengi, kula papai, mboga za majani na maharage. Ukihisi haja usiibane. Kunja pedi safi, ishike juu ya nyuzi kwa mkono mmoja ili kuupa msamba nguvu, pumua taratibu, usikamue. Nyuzi hazitakatika. Lakini ukiona unashindwa kuzuia hewa au choo, sema mapema bila haya, kwani huenda mchaniko ulifika kwenye misuli ya njia ya haja kubwa, na hilo lina matibabu.

Maji ya moto na shabu

Mama mkwe na shangazi wanapochemsha sufuria ya maji na kumkanda mzazi, wanafanya kwa upendo, na nawaheshimu kwa kuwa mara nyingi ndio watu pekee wanaomshika mzazi mwili wake katika siku hizo. Maji ya uvuguvugu na mkono mwepesi mgongoni na miguuni humpumzisha. Maji yanayofuka moshi, yanayomwagwa tumboni au kupigwa kwenye msamba kwa kitambaa, yanamuunguza tu. Ngozi ya pale imevimba, huungua upesi na nyuzi huachia. Wala hayatoi "damu iliyoganda", maana joto hilo halifiki kwenye mfuko wa uzazi. Anayeutoa uchafu ule ni mtoto anaponyonya. Vivyo hivyo uji wa pilipili manga, supu na mtori ni vyakula vizuri kwa mtu anayehitaji nguvu za kunyonyesha, na mpeni kwa wingi, ila msimhesabie pilipili kuwa dawa ya kusafisha tumbo mkaacha vidonge vya kuongeza damu alivyopewa kliniki.

Shabu sitaki kuizungumzia kwa upole. Kuweka shabu ukeni ili "kurudisha ubikira" hukausha ngozi laini ya ndani, huleta vidonda na hufungua njia ya maambukizi. Uke hurudi wenyewe kwa sehemu kubwa ndani ya wiki chache. Kinachohitaji kuimarishwa ni misuli ya nyonga, na zoezi lake halina gharama: kaza kama unayezuia hewa isitoke, ukihisi misuli inavutwa juu, hesabu mpaka tano, legeza kabisa, rudia mara kumi, mara tatu kwa siku. Unaweza kulifanya umelala, umekaa au unanyonyesha. Takriban mwanamke mmoja kati ya watatu huvujwa na mkojo baada ya kuzaa, anapokohoa au kupiga chafya, na zoezi hili huwasaidia wengi wao. Mkojo unaotiririka muda wote bila kukoma ni habari nyingine. Hiyo inaweza kuwa fistula, yaani tundu kati ya kibofu na uke, inatibika, na hospitali ya CCBRT ya Dar es Salaam huwatibu wanawake wenye fistula bila malipo. Asifichwe ndani mtu.

Arobaini

Desturi ya arobaini naipenda na sitaki ife. Siku arobaini za kupikiwa, kufuliwa na kushikiwa mtoto zinakaribiana sana na wiki sita ambazo kidonda cha ndani huchukua kupona. Ninachoomba ni kwamba mzazi asilazwe kitandani kutwa nzima. Damu baada ya uzazi huganda kwa urahisi zaidi, na mtu asiyetembea anaweza kupata bonge la damu mguuni. Tangu siku ya kwanza atembee ndani ya nyumba na uani. Kazi nzito zisubiri.

Siku ya tatu au ya nne mzazi anaweza kulia bila sababu. Asikaripiwe wala asiambiwe hana shukrani. Kwa kawaida hupita ndani ya wiki mbili. Huzuni ikizidi hapo, akakosa usingizi hata mtoto amelala, akamchukia mtoto au akajiona hafai kuishi, ni sonona, na ni ugonjwa kama ugonjwa mwingine wowote. Akianza kusikia sauti au kuzungumza mambo yasiyoeleweka, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Tendo la ndoa lisubiri mpaka damu imekatika, nyuzi zimepona na mwanamke mwenyewe yuko tayari. Anayenyonyesha huwa mkavu ukeni kwa sababu homoni ya estrojeni imeshuka. Haimaanishi hampendi mumewe. Wengi huogopa kumbemenda mtoto, yaani kwamba tendo la ndoa litaharibu maziwa na kumdhoofisha. Shahawa haziingii kwenye maziwa. Kinachomdhoofisha mtoto ni mimba nyingine kumfuata upesi, akaachishwa ziwa kabla ya wakati. Asiyenyonyesha anaweza kupata mimba hata kabla ya kuona hedhi yake ya kwanza, mapema kama wiki ya nne. Ushauri ni kusubiri angalau miezi 24 kabla ya mimba nyingine.

Usisubiri asubuhi

Nenda kituoni mara moja ukiona pedi inalowa chepechepe ndani ya saa moja, mabonge makubwa ya damu, homa ya nyuzi joto 38 au zaidi, uchafu wenye harufu mbaya, au nyuzi zinazotoa usaha. Vilevile mguu mmoja uliovimba na kuuma nyuma ya goti au kwenye shavu la mguu, maumivu ya kifua na kukosa pumzi. Maumivu makali ya kichwa na macho kuona ukungu yasichukuliwe kuwa uchovu: kifafa cha mimba huweza kuja baada ya kujifungua, hata kwa mama ambaye presha yake haikuwahi kupanda kliniki.

Kama hakuna tatizo, mahudhurio ni siku ya pili au ya tatu, kati ya siku ya 7 na ya 14, na wiki ya sita. Ukienda, mtoto atapimwa uzito na kadi yake itajazwa. Kabla hujainuka kwenye benchi, mwombe mhudumu akupime na wewe presha na wingi wa damu, akubonyeze tumbo, aangalie msamba, akuulize kuhusu mkojo, choo na usingizi, na mzungumze njia ya uzazi wa mpango. Mume akiwepo aingie naye asikie.