Kupimwa utumbo mpana kabla ya dalili: yanayodhaniwa na yaliyo kweli

"Saratani ya utumbo mpana ni ugonjwa wa Wazungu." Dhana hii ina asili yake hapa hapa Uganda. Denis Burkitt, daktari mpasuaji aliyefanya kazi katika hospitali ya Mulago, Kampala, kwa miaka mingi, aliwaona wagonjwa wachache mno wa saratani hiyo, na mwaka 1971 akaandika kwamba huenda vyakula vyenye nyuzinyuzi nyingi ndivyo vilivyowakinga Waafrika. Aliyoyaona yalikuwa kweli kwa wakati wake. Hata hivyo, rejista ya saratani ya Kampala, ambayo imekuwa ikihesabu wagonjwa wa Kyadondo, yaani Kampala na viunga vyake, tangu miaka ya 1950, imeonyesha kwamba ugonjwa huo unaongezeka, na si haki kumtuliza mtu wa leo kwa hali ya babu zake.

"Nisipoumwa, nipimwe nini?" Hili ndilo kosa ninalolihofia zaidi. Mara nyingi saratani hii huanza kama kinyama kidogo kwenye ukuta wa utumbo, kiitwacho polipu, ambacho hakiumi wala hakimsumbui mwenyewe, na ambacho kwa kawaida huchukua miaka 10 hivi au zaidi kabla ya kugeuka saratani. Katika kolonoskopi daktari hupitisha mrija laini wenye kamera katika njia ya haja kubwa, na akikiona kinyama hicho aghalabu hukiondoa papo hapo. Mwenye damu kwenye choo au anayepungua uzito bila sababu yuko katika hali nyingine kabisa: huyo anahitaji uchunguzi bila kukawia, na asijiambie tu kwamba ni bawasiri.

Kuhusu maumivu ya kolonoskopi, wengi hupewa dawa ya kuwatuliza au kuwalaza, na taabu kubwa huwa ile dawa ya kusafisha tumbo inayonywewa kabla ya kipimo. Utumbo kutoboka ni hatari ya kweli, ila ni nadra, chini ya mtu 1 kati ya 1,000.

Wako pia wanaodhani kwamba bila kamera hakuna kinga. Marekani, ambako tangu 2021 wataalamu hupendekeza watu wasio na dalili waanze kupimwa wakiwa na miaka 45, huruhusu pia kipimo cha kila mwaka cha damu isiyoonekana katika kinyesi, na kolonoskopi hufuata kipimo hicho kikionyesha damu. Kwetu, ambako wataalamu wa kamera ni wachache na wengi wako mijini, njia hiyo inastahili kupewa uzito.

Kwa maoni yangu, wa kutangulizwa kwenye kamera ni wale ambao mzazi, ndugu wa tumbo moja au mtoto wao amewahi kuugua. Hao hushauriwa kuanza wakiwa na miaka 40, au miaka 10 kabla ya umri aliogunduliwa nao jamaa yao, kutegemea kipi kinatangulia: ikiwa baba aligunduliwa akiwa na miaka 44, mwanawe aanze akiwa na 34.